Sinia Mbele ya Mgeni

Msikilizaji, mtu wa Dar es Salaam akifika Addis Ababa hana haja ya kufundishwa kusoma saa. Kule nako saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Ukiambiwa njoo saa mbili asubuhi, ni saa mbili yetu hii hii. Ukikaribishwa chakula utanawa mikono, sinia litaletwa, mtalizunguka mle pamoja. Mpaka hapo utadhani uko Tanga.

Tunaachana kwenye sinia lenyewe. Kwetu mtoto hufunzwa mapema: kula mbele yako, usivuke upande wa mwenzio, usiwahi nyama. Waethiopia hutandika injera, mkate mpana wa unga wa tefu uliochachuka siku mbili tatu, wakaumwagia michuzi juu. Kisha mwenyeji humega kipande, akakikunja na mchuzi ndani, akamtia mgeni mdomoni kwa mkono wake. Wanaita gursha. Na tonge moja halitoshi, la pili hufuata. Kwetu anayelishwa hivyo ni mtoto, mgonjwa, au maharusi mbele ya keki. Mtu mzima akilishwa na mtu mzima mwenzake ukumbini huona haya kweli. Nasema haya hiyo inafaa kushindwa, maana aliyekulisha kwa mkono wake hawi tena mtu baki.

Kwenye nyama, sisi tumewazidi. Kwa desturi za Ethiopia, Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, wala Mwislamu hali ya Mkristo. Kila upande una mabucha yake, na harusini hupikwa mafungu mawili. Hapa Tanzania familia ya Kikristo ikiwa na sherehe mara nyingi humwita jirani Mwislamu achinje, pilau likaiva, wakala wote. Ni jambo kubwa, nasi tumelizoea hata hatulisifu. Kule kinachowakutanisha ni chakula cha mfungo. Waorthodoksi hufunga karibu kila Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima yao ni siku 55. Hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Basi hupikwa adesi, mboga za majani na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, ambao Mwislamu naye hula bila wasiwasi.

Halafu kahawa, na hapa nakiri wivu. Nyumbani kwa Mwethiopia buni mbichi huoshwa na kukaangwa mbele yako, moshi wake ukasogezwa uunuse. Zikishatwangwa huchemshwa kwenye jebena, birika la udongo. Sakafuni yametandazwa majani mabichi, ubani unafuka, majirani wameitwa. Hunywewa mikupuo mitatu, na kuondoka baada ya kikombe cha kwanza ni utovu wa adabu. Kazi yote humwangukia mwanamke, kama pilau letu linavyomwangukia, na sifa za ukarimu tusimpe mwenye nyumba aliyekaa tu. Ila angalau pale mwanamke naye huketi akanywa. Kahawa yetu ya pwani ni ya barazani: muuzaji na dele lake, kashata, na wanaume watupu.

Ethiopia hunywa yenyewe karibu nusu ya kahawa inayovuna. Tanzania, yenye mibuni Kagera, Kilimanjaro na Mbinga, huuza nje karibu yote, na hotelini mgeni akiomba kahawa mara nyingi huletewa ya kopo na maji ya moto.

Hilo la hotelini ndilo linaloniuma hasa. Addis Ababa, hoteli kubwa huweka jebena na jiko la mkaa palepale ukumbini, na mgeni wa heshima huketi mbele ya injera akala kwa vidole. Waethiopia waliohamia Washington walifungua migahawa wakaenda na sinia lao, na Wamarekani wananawa na kula. Sisi akija mkubwa tunaficha sinia, tunatoa uma na kisu, na ugali wa watu unakatwa kwa kisu! Kwenye harusi za ukumbini mtu hupanga foleni na sahani yake, akarudi kula pembeni ya asiyemjua, wasisemezane mpaka muziki uanze.

Wala hatujasahau namna. Nenda kwenye maulidi au hitima: watu wanne watano, mkeka, sinia moja la pilau, ndizi pembeni, na aliye jirani anakusogezea nyama bila kuulizwa. Ukarimu huo tumeubakizia dua na msiba.

Ninyi wanakamati za harusi mnaokaa vikao jioni hii, jaribuni. Kila meza sinia moja, birika na beseni la kunawia. Na meza kuu nayo iletewe la kwake, mgeni rasmi anawe kama wenzake.