Sabuni Nyuma ya Kufuli

Katika maduka mengi ya dawa nchini Marekani, sabuni na dawa ya meno sasa hukaa nyuma ya kioo chenye kufuli. Mteja hubonyeza kengele, akamngoja mwenye funguo. Wizi upo, na wafanyakazi huumizwa, hilo tusilipuuze. Lakini Desemba 2023 chama cha wauzaji rejareja, NRF, kilifuta dai lake kwamba karibu nusu ya hasara ya dola bilioni 94.5 ilisababishwa na magenge ya wezi. Na Januari 2025 aliyekuwa mkuu wa kampuni ya maduka ya dawa ya Walgreens, Tim Wentworth, alikiri kuwa bidhaa ikifungiwa, mauzo hushuka. Mwenye simu janja huagiza mtandaoni. Bibi kizee asiye nayo husimama pale, akimsubiri mhudumu mmoja wa duka zima. Kampuni zenye maduka haya zingeajiri wahudumu kabla ya kununua makufuli.