Jaji Hakupigiwa Kura



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Kwenye kongamano moja mwenzangu alisimama akasema jaji hakupigiwa kura na mtu, basi penye siasa akae kando, aliachie Bunge. Ukumbi ukampigia makofi. Mimi usiku ule sikulala.

Montesquieu na mgawanyo wake wa madaraka nawaachia, mlimsoma mwaka wa kwanza. Twende Dodoma, 24 Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alipotoa hukumu ya kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyedai mgombea binafsi, asiye na chama, aruhusiwe. Ibara ya 21 ya Katiba ya Tanzania inampa raia haki ya kushiriki kuongoza nchi. Ibara ya 39 na ya 67 zinamtaka mgombea adhaminiwe na chama. Ishike ipi?

Nakala yangu ya hukumu hiyo imechakaa pembe zote. Ninachokipenda ni mwendo wake. Jaji harukii jibu. Anaanza na asili ya haki: mtu huzaliwa nazo, dola inazikuta, haizigawi kama sukari ya mgao. Kisha anazisoma ibara hizo kwa pamoja, akitafuta zipatane. Zinapogoma, anaegemea ile inayotoa haki. Mgombea binafsi akaruhusiwa, na sharti la kibali cha polisi kwa mikutano likabatilishwa. Ila Mtikila aliomba mengi, na mengine alinyimwa. Wanaomwita Lugakingira jaji aliyevuka mipaka, sijui kama walisoma hadi huko.

Muswada wa kubadili Katiba ili kuizima hukumu ulikuwa tayari kabla haijasomwa. Bunge liliupitisha 2 Desemba mwaka huohuo.

Mjomba wangu, mwenye mashine ya kusaga, alitamani udiwani bila chama. Nilipokwenda likizo aliniita, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. “Jaji kasema naruhusiwa, Bunge limesema siruhusiwi. Haya msomi, hiyo karatasi yasemaje?” Nikaanza kumfasiria Kiingereza cha hukumu. Nilikwama ukurasa wa kwanza, naye akarudi kwenye mashine yake.

Mtikila alishtaki tena, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakatengua: hili ni suala la siasa, ni la Bunge. Hapo ndipo anaposimama mwenzangu. Lakini majaji haohao wakaongeza neno la ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge, kwamba mgombea binafsi afikiriwe. Kama jambo si lao, ushauri wa nini? Na hoja inayotosha kushauri, imepungukiwa nini hata isitoshe kuamua?

Mwenzangu atauliza: jaji akiweza kufuta mabadiliko ya Katiba yaliyopitishwa na theluthi mbili ya wabunge, yeye atazuiwa na nani? Swali ni zito, nami nusu yake naikubali. Majaji wamewahi kubariki maovu. Ila wabunge waliopiga kura ile waliingia bungeni kwa mlango wa chama. Kuwaachia wao waamue kama mlango wa pili ufunguliwe ni kumpa mwenye shauri kiti cha hakimu.

Jaji hana askari wala hazina. Ana hoja alizoziandika, na humo ndimo mpaka wake ulimo: asipozitoa, au zikiwa mbovu, tunamwona. Tunamwona, mradi tunaweza kumsoma. Ndiyo maana sheria ya 2021 iliyokifanya Kiswahili lugha ya mahakama naihesabu kuwa sheria ya kumdhibiti jaji, ingawa wenzangu wa kitivo wanasema hayo ni mapenzi yangu ya lugha tu. Na waseme.

Turudi kwa Mtikila. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilimpa ushindi. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Mwezi huohuo tulipiga kura, na kwenye karatasi hapakuwa na mgombea binafsi hata mmoja.