Kondoo Mwekundu wa Kimasai

Mfugaji wa Kajiado aendapo mnadani kununua kondoo dume, hutazama kwanza ukubwa wa mwili wake. Wala si kosa, kwani nyama nyingi huleta fedha nyingi. Lakini iko sifa nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo habari ya mazungumzo haya.

Zamani kondoo mwekundu wa Kimasai alienea katika nchi zote za wafugaji wa Kenya. Katikati ya miaka ya 1970 wafugaji waligawiwa mbegu ya Dorper, kondoo wa Afrika ya Kusini mwenye mwili mkubwa, akuaye upesi. Walimpenda, wakachanganya mifugo yao mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1992 wataalamu walipotafuta kondoo wekundu wasiochanganyika, katika Kenya na kaskazini ya Tanzania, waliwapata wachache sana.

Hasara yake ni nini? Yuko mnyoo akaaye tumboni mwa kondoo na kunyonya damu yake. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, na mabuu hupanda majanini yakaliwa na kondoo mwingine. Kondoo mwekundu huambukizwa kama wenzake, lakini mayai katika kinyesi chake huwa machache, na damu yake haipungui upesi.

Wataalamu wa ILRI, taasisi ya uchunguzi wa mifugo yenye makao yake Nairobi, walitaka kujua nguvu hiyo imekaa wapi. Walichanganya kondoo wekundu na Dorper kwa vizazi viwili, wakahesabu mayai ya minyoo na kupima damu ya wana-kondoo, kisha wakalinganisha hesabu hizo na alama za urithi katika kromosomu zao, ambazo ni jozi 27. Habari zilizotangazwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba nguvu hiyo haikai mahali pamoja, bali imetawanyika katika sehemu kadhaa.

Kwa hiyo, ikisha kupotea, dume mmoja hatoshi kuirudisha. Dawa zipo, lakini minyoo wanaosalia huzaa wengine wasiosikia dawa ile. Tena huko Kitengela, ambako mbuga zimekatwa viwanja na kuzungushiwa seng'enge, kondoo hurudia malisho yale yale, na mvua inyeshapo minyoo huzidi.

Basi afugaye Dorper na aendelee, ila atenge majike wekundu pamoja na dume wao safi, na majirani wabadilishane madume ili ndugu wasizaane. Akiba haiozi.