Karatasi ya Picha: Ulizeni Kabla ya Kulipa
Mazungumzo na wananchi wa Mkoani, Pemba



Tuanze na hasara ambayo haionekani siku ya kununua. Mtu huchukua picha ya pekee ya marehemu mzee wake, akapanda boti kwenda Unguja kuitolea nakala, akalipa bei ya karatasi ya pamba, akakabidhiwa karatasi ya kawaida inayong'aa. Hajui tofauti mpaka rangi zianze kupauka, na huenda wakati huo picha ya asili imekwisha kuliwa na mchwa.

Hatusemi kwamba karatasi ing'aayo ni mbovu. Imefunikwa plastiki pande zote mbili, bei yake ni nafuu, na kwa picha za arusi za kugawia jamaa yatosha kabisa. Karatasi ya pamba ni bidhaa nyingine. Haina lignini, kitu kilichomo katika mbao ambacho hulifanya gazeti kuukuu ligeuke manjano. Aghalabu huwa nene, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, ilhali karatasi ya kunakilia ina gramu 80. Lakini msiridhike na unene peke yake, kwani hata iliyofunikwa plastiki huweza kuwa nzito.

Kipimo kimoja kipo madukani mwetu tayari: taa ya kukagulia noti bandia. Wekeni chini yake ukingo mweupe usio na wino. Ukiwaka buluu, karatasi imetiwa dawa ya kuifanya ionekane nyeupe zaidi. Dawa hiyo hufifia kwa mwanga, na weupe huondoka nayo. Baadhi ya karatasi za pamba nazo hutiwa dawa hiyo, kwa hiyo ombeni kuonyeshwa pakiti, msome wenyewe.

Ulizeni pia wino. Wino wa pigmenti una chembe ngumu zinazostahimili mwanga na unyevu kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa. Kulipia pamba kisha ikapigwa kwa wino dhaifu ni kutupa fedha.

Risiti iandikwe jina la karatasi, uzito wake na aina ya wino. "Karatasi nzuri" si jina la bidhaa, wala halitawasaidia mkirudi kudai haki yenu.

Nyumbani, msiitie picha hiyo katika plastiki ya moto, maana gundi yake haibanduki tena. Katika fremu, kadi iitenge picha na kioo. Kwa unyevu wetu wa masika, picha iliyogusana na kioo huganda. Isitundikwe mkabala na dirisha lenye jua.

Na ile ya asili msiiache studio. Subirini ipigwe skani mbele yenu, irudi nanyi kwa boti.