Simu ya Video kwa Kompyuta Huria ya Kiganjani: Kikwazo Kiko Wapi?

Mada ya semina ya wakufunzi na mafundi wa TEHAMA



1. Utangulizi

Nimeombwa kuzungumzia jambo linaloonekana dogo. Mtu ana kompyuta ya kiganjani inayotumia Linux na programu huria, naye anataka kupiga simu ya video. Kwa nini ahangaike, wakati simu ya Android ya bei ya chini hufanya kazi hiyo bila kumsumbua mwenyewe hata kidogo?

Majibu tuliyoyazoea ni kwamba mtandao ni dhaifu, au kifaa hakina nguvu. Yana ukweli ndani yake, ila hayafiki kwenye kiini. Simu ya video hutegemea mambo matatu: kamera, kazi ya kubana picha, na huduma anayoitumia mtu wa upande wa pili. Kifaa kinaweza kuwa huria kuanzia kwenye kiini cha mfumo hadi programu ya mwisho, na bado simu isipigike kwa sababu moja ya hayo matatu liko chini ya mamlaka ya mtu mwingine. Nitalionyesha hilo kwa vifaa viwili, Nokia N800 ya 2007 na PinePhone ya 2020, kisha nitoe mapendekezo.

2. Kazi ya sekunde moja

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu tutaishia kuilaumu kampuni ya simu kwa kosa lisilo lake. Chukua picha ndogo yenye upana wa nukta 640 na kimo cha nukta 480. Hizo ni nukta 307,200. Katika mpangilio wa rangi unaotumika sana kwenye video, kila nukta huchukua wastani wa baiti moja na nusu, kwa hiyo picha moja tu ina baiti 460,800. Tukitaka picha 15 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa simu ya video ya hali ya chini, tayari tuna takriban megabaiti 7 kila sekunde, sawa na megabiti 55. Hakuna bando litakalostahimili hilo.

Kifaa kinalazimika kuibana video ile mpaka ifike, tuseme, kilobiti 500 kwa sekunde. Huko ni kuipunguza zaidi ya mara 100, papo hapo, huku kikifungua video inayokuja kutoka upande wa pili. Filamu hubanwa mara moja kwenye kompyuta kubwa, hata kama kazi itachukua usiku kucha. Simu haina nafasi hiyo: kuchelewa kukizidi, wazungumzaji huanza kukatizana maneno, kisha wote wawili hunyamaza wakisubiriana.

Hesabu ya bando nayo ni hii. Kilobiti 500 kwa sekunde ni megabaiti 225 kwa saa kwenda, na nyingine 225 kurudi. Sauti peke yake, ikibanwa kwa kodeki ya Opus kwa kilobiti 24 kwa sekunde, haifiki megabaiti 11 kwa saa kila upande, ukiacha nyongeza ya pakiti. Picha ndiyo inayokula bando, lakini sauti ndiyo inayobeba mazungumzo. Fundi anayelijua hili huanza kuilinda sauti, picha baadaye.

Simu za dukani huwa na sehemu maalumu ndani ya chipu kwa ajili ya kubana video, pamoja na programu ya kuiendesha iliyotolewa na mtengenezaji wa chipu. Mara nyingi programu hiyo imefungwa: mtengenezaji wa simu anaruhusiwa kuitumia, lakini umma hauruhusiwi kuisoma wala kuirekebisha. Ndiyo sababu simu ya bei ndogo hufanikiwa pale kompyuta huria yenye prosesa inayokaribiana nayo inapotaabika.

3. Nokia N800: kifaa kiko tayari, huduma imefungwa

Nokia iliitangaza N800 Januari 2007 kwenye maonyesho ya CES, Las Vegas. Haikuwa simu, kwani haikuwa na mahali pa kuweka laini. Ilitegemea Wi-Fi, au intaneti ya simu nyingine kupitia Bluetooth. Mfumo wake, Maemo, ulijengwa juu ya Debian. Ilikuwa na kioo cha nukta 800 kwa 480, RAM ya megabaiti 128, na prosesa ya Texas Instruments iliyoanza ikiendeshwa kwa megahezi 330, kisha ikapandishwa hadi 400 kwa toleo jipya la mfumo.

Kamera yake ilijificha ubavuni, upande wa kushoto wa kioo. Ukiisukuma ndani kwa kidole inachomoka, kisha unaizungusha ikutazame wewe, au unaigeuza itazame kilicho mbele yako. Kamera moja ilifanya kazi ya mbili. Kwa upande wa programu, mawasiliano yaliendeshwa na Telepathy, na sauti na picha zikashughulikiwa na GStreamer na Farsight. Zote hizo ni kazi za programu huria. Mwenye N800 aliweza kuingia kwa akaunti ya Jabber au ya Google Talk, akaonana na mwenzake mwenye kifaa kama chake.

Lakini watu wengi hawakuwa Jabber. Walikuwa Skype. Julai 2007 Skype ilitoa programu kwa ajili ya N800, ikiwa na sauti na ujumbe, bila video. Wakati huo Skype ya kompyuta za Windows ilikwisha kuwa na video. Basi fikiria hali ya mwenye kifaa: kamera anayo, kioo anacho, ruhusa ya kuubadilisha mfumo anayo, hata ujuzi huenda anao, lakini hawezi kuongeza video kwenye Skype kwa kuwa msimbo wake umefungwa. Uhuru wake ulikomea mlangoni kwa Skype. Ilimlazimu kungoja, na Skype ya video ikawafikia wenye N900, kifaa kilichofuata baadaye, kupitia sasisho la mwaka 2010.

Yaliyofuata yana funzo. Februari 2011 Nokia ilitangaza kwamba inaelekea Windows Phone. Mei mwaka huohuo Microsoft ikatangaza kuinunua Skype kwa dola bilioni 8.5. Tarehe 5 Mei 2025 Skype ikafungwa kabisa. N900, iliyotoka 2009, hadi leo inaweza kuwekewa Maemo Leste, mfumo unaoendelezwa na watu wa kujitolea. Kifaa kidogo chenye msimbo wazi kimeishi muda mrefu kuliko huduma iliyogharimu mabilioni.

4. PinePhone: huduma iko wazi, kamera inagoma

PinePhone ni kisa cha upande wa pili. Kundi la kwanza lilitumwa kwa wajuzi Januari 2020, kwa bei ya takriban dola 150. Ina chipu ya Allwinner A64 yenye viini vinne, na toleo la mwanzo lina RAM ya gigabaiti 2. Ukiubandua mfuniko wa nyuma kwa ukucha utaona betri ya kuchomoa, na juu yake safu ya swichi sita ndogo mno, za kusukumwa kwa ncha ya kijiti. Moja hukata modemu, nyingine Wi-Fi na Bluetooth, nyingine maikrofoni, nyingine kamera ya nyuma, nyingine kamera ya mbele. Ya sita hugeuza tundu la earphone kuwa njia ya fundi ya kuwasiliana na mfumo. Mafundi, likumbukeni hili: mteja akileta PinePhone akisema kamera haionekani, fungueni mfuniko mtazame swichi kabla hamjaanza kupakia mfumo upya.

Swichi zikiwa sawa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kamera ya USB tunayoichomeka kwenye kompyuta hufuata kiwango kiitwacho UVC, ambacho kiini cha Linux kinakifahamu tangu 2008. Unachomeka, kivinjari kinaiona, basi. Kamera ya simu ni kitu kingine. Kihisi chake kimeungwa moja kwa moja kwenye chipu, nacho hutaka kuelezwa kila kitu: ukubwa wa picha, mpangilio wa rangi, na njia ambayo data itapita. Mwanga na rangi navyo vinahitaji kurekebishwa na programu wakati wote. Zaidi ya hayo, kamera mbili za PinePhone zinatumia njia moja ya data, kwa hiyo huwezi kuzitumia kwa pamoja. Ukitaka ya mbele, ya nyuma sharti iachie.

Programu ya Megapixels iliandikwa ili kuyashughulikia hayo, lakini ni programu ya kupiga picha. Kivinjari kilichozoea kamera ya USB kinakuta kamera isiyo na maelekezo, na mtumiaji anaambiwa hakuna kamera. Mradi wa libcamera, ulioanza 2018, una lengo la kuziba pengo hilo kwa kuzipa programu zote njia moja ya kuongea na kamera za aina hii. Ni kazi ndefu, kwa sababu kila kihisi kina tabia zake.

Baada ya kamera kuna kubana picha. Chipu ya A64 ina sehemu ya kubana video, lakini juhudi za wazi za kuandika draiva, zinazojulikana kwa jina la Cedrus, zilianza na kufungua video. Kubana kumeachiwa viini vinne vya prosesa. Matokeo yanaonekana na kuhisiwa: kifaa kinapata joto mkononi, chaji inashuka haraka, na picha zinaruka mazungumzo yakirefuka. Aliyeko upande wa pili atasema mtandao wako mbaya, kumbe mtandao hauna hatia.

5. Mtu wa upande wa pili

Habari njema ni kwamba huduma za wazi leo zina nguvu kuliko enzi za N800. Google iliufungua msimbo wa WebRTC mwaka 2011, na Januari 2021 W3C ikaufanya kuwa kiwango rasmi cha wavuti. Maana yake ni kwamba kivinjari peke yake kinaweza kupiga simu ya video. Jitsi, iliyoanzishwa na Emil Ivov mwaka 2003 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Strasbourg, leo imejengwa juu ya msingi huo. Unamtumia mtu kiungo, anakifungua, mnaonana.

Tusijidanganye, hata hivyo. Mama yako aliyeko Tanga au Kisumu yumo kwenye WhatsApp, na WhatsApp haijatoa programu rasmi kwa ajili ya Linux. Inawezekana kuendesha programu za Android ndani ya Linux kwa kutumia Waydroid, lakini hapo tatizo la kamera linaibuka tena, likiwa na tabaka moja zaidi. Na ndugu aliyeko Dubai ana tatizo jingine kabisa: katika Falme za Kiarabu simu za WhatsApp huzuiwa na mtandao wenyewe, awe na kifaa huria au asiwe nacho.

Simu za watu wengi nazo zina hesabu yake. Watu watano wakiunganishwa moja kwa moja, kila kifaa kinatuma video mara nne, yaani megabiti 2 kwa sekunde kwa kiwango kile cha kilobiti 500. Wakipitia seva inayogawa video, kila kifaa kinatuma mara moja tu, ingawa bado kinapokea nne. Kwa kifaa kidogo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mazungumzo yatakuwepo au hayatakuwepo. Wakiwa wawili tu, Jitsi huwaunganisha moja kwa moja inapowezekana, na seva hukaa pembeni.

6. Mapendekezo

Kwanza, chagua huduma kabla ya kifaa. Mwulize mnunuzi atakayeongea naye anatumia nini. Kama jibu ni WhatsApp pekee, mweleze wazi kwamba kompyuta huria haitamfaa kwa kazi hiyo, ingawa inaweza kumfaa kwa nyingine nyingi.

Pili, anza kwa kushusha viwango. Weka picha ya nukta 320 kwa 240, au 640 kwa 480, na picha 15 kwa sekunde. Zima video za washiriki wasiozungumza. Washa programu ya kuondoa mwangwi, au tumia earphone. Mwangwi huharibu mazungumzo haraka kuliko picha yenye ukungu.

Tatu, kwa mafunzo ya darasani, unganisha kamera ya USB kupitia kituo cha USB-C. Utaukwepa mzigo wote wa kihisi, na wanafunzi wataona wazi ni sehemu gani ya tatizo ilikuwa ya kamera na ipi ilikuwa ya kubana picha.

Nne, vyuo viweke seva ya Jitsi ndani ya mtandao wao. Programu ni ya bure, na vifurushi vyake vya Debian vipo tayari. Simu kati ya karakana na ofisi ya mkuu wa chuo haitagusa bando hata kidogo, na chuo hakitakuwa na akaunti ya kufungiwa na mtu wa mbali. Tangu Agosti 2023, seva ya umma ya Jitsi humtaka anayefungua mkutano aingie kwa akaunti kama ya Google au Facebook. Seva ya chuo haina sharti hilo.

Tano, wanafunzi wetu wa programu waelekezwe kwenye kazi iliyobaki. Draiva za kamera, libcamera na kubana video kwa chipu za bei nafuu ni mambo yanayoweza kufanyiwa kazi hapa kwetu, kwa kifaa kimoja na mwanafunzi mmoja mwenye subira. Msimbo uko wazi, na marekebisho yanayopokelewa yanamfaidi kila mwenye kifaa hicho duniani.

Ndugu Mwenyekiti, kifaa huria kinampa mwenye nacho haki ya kurekebisha kilicho mkononi mwake. Hakimpi haki juu ya huduma ya mwingine. Kwa hiyo naiomba semina hii ijadili pendekezo la nne kabla ya mengine, kwa sababu seva ndiyo sehemu ya simu ya video ambayo vyuo vyetu vinaweza kuimiliki mwaka huu, kwa kompyuta zilizopo na wataalamu waliopo.