Siku za Kwanza za Vita vya Nijeria



Twataka tuzikumbuke siku za kwanza za vita vya Nijeria. Januari 1967 wakubwa walikutana Aburi, Ghana, wakapatana; waliporudi kwao kila upande ukayafasiri mapatano upendavyo. Mei 27 Gowon akaigawa nchi majimbo 12. Mei 30 Ojukwu akatangaza Biafra. Julai 6 mizinga ikalia.

Lagos waliiita kazi ya polisi tu. Kweli, Julai 14 Nsukka ikatwaliwa. Lakini Agosti 9 jeshi la Biafra likavuka mto Niger, likaingia Benin siku ile ile, likasonga mpaka Ore. Septemba 20 likaupoteza mji wa Benin, na Oktoba 4 Enugu, mji wake mkuu, ukaanguka. Wengi wakadhani yamekwisha. Hayakwisha mpaka Januari 1970, na njaa iliua kuliko risasi.

Ndugu zetu, Tanzania iliitambua Biafra Aprili 1968 kwa sababu moja: mtu aliyekimbia kuchinjwa mwaka 1966 hawezi kuambiwa kwa mzinga kwamba yu nyumbani. Nasi tunaopenda umoja, yatupasa kuulinda kwa haki mapema, kabla bunduki haijasema.