Harambee Mbili: Ndege za Shirika la Taifa na Feri za Likoni



Mada niliyopangiwa ni ndege za Kenya Airways, za zamani na za sasa. Niliikubali kwa sharti moja: niizungumze nikiwa hapa Feri, Mombasa, si Embakasi kwenye makao ya shirika. Wapenzi wa ndege hujua namba ya usajili ya kila ndege iliyowahi kubeba bendera yetu. Watakwambia ilitoka kiwandani mwaka gani, ilikodishwa na nani, na iliishia jangwa gani kukatwa vipande. Sisi tunavuka maji asubuhi na jioni juu ya vyombo ambavyo wengi wetu hatujui hata umri wake. Ndiyo maana nimeamua kuyaweka makundi haya mawili bega kwa bega.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 1986 shirika letu lilipokea Airbus A310 iliyopewa jina Harambee Star. Mwaka 1990 zikaingia kazini hapa Likoni feri tatu: MV Nyayo, MV Kilindini na MV Harambee. Serikali ni ileile, siasa ni ileile, hata majina yametoka mdomo mmoja. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 zile A310 zilikuwa zinaondolewa kazini kupisha ndege mpya, na MV Harambee ilikuwa bado inavusha watu mwaka 2019. Kwa nini chombo kimoja kiliondolewa kikiwa na umri wa miaka kumi na kitu na kingine kikaachwa kizeeke kazini?

Tuanze na angani. East African Airways ilianza kazi Januari 1946 kwa ndege sita za Dragon Rapide, vijindege vya mbao na kitambaa. Mwaka 1960 ikapata Comet 4, ndege yake ya kwanza ya jeti. Miaka miwili baadaye zikaja Fokker Friendship, na mwaka 1966 Super VC10, iliyokuwa fahari ya safari za London. Kwa watu wa Pwani, hata hivyo, ndege ya kukumbukwa ni Friendship. Mabawa yake yalikuwa juu ya madirisha, na madirisha yenyewe makubwa, yenye umbo la yai, kwa hiyo hapakuwa na abiria wa kuzibiwa nchi. Aliyetoka Nairobi aliiona nyika ya Tsavo ikipita polepole, ikaja minazi, ikaja mikoko ya Port Reitz, akajua amefika kabla rubani hajasema neno.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ndege zile ziligawanywa kama mirathi isiyo na wasia. Super VC10 nne zilirudi Uingereza, jeshi la anga la huko likazigeuza ziwe za kuzijazia mafuta ndege nyingine angani. Tanzania na Uganda zikashika njia zao. Kenya Airways iliundwa tarehe 22 Januari 1977, na tarehe 4 Februari safari yake ya kwanza ikaondoka Nairobi kwenda London kupitia Frankfurt. Shirika lilianza na Boeing 707 mbili, zote za kukodi kutoka British Midland.

Kufikia Julai 1980 lilikuwa na Boeing 707 tatu, Boeing 720 moja, DC-9 moja na Friendship tatu. Naomba mzihesabu: ndege nane, aina nne. Kila aina inataka marubani wake, mafundi wake, na ghala la vipuri vyake. DC-9 moja ikiharibika, hakuna pacha wa kuazimwa kifaa. Hili nitalirudia tukifika majini, maana fundi wa feri analijua kuliko mimi.

Zile A310 zilibadilisha mambo. Boeing 707 ilikuwa na injini nne na ilihitaji mhandisi wa safari aliyekaa nyuma ya marubani akichunga mishale na swichi. A310 ilikuwa na injini mbili, na kiti cha mhandisi yule hakikuwepo tena. Mafuta yalipungua, mishahara ikapungua. Zikafuata Fokker 50 mwaka 1988 kwa safari za ndani, kisha Boeing 737. Mwaka 1996 shirika likauzwa kwa umma kupitia soko la hisa, KLM ikachukua asilimia 26. Kuanzia hapo ndege zilibadilishwa kwa kasi: Boeing 737 za kizazi kipya, Boeing 767, na mwaka 2004 ikatua Boeing 777 ya kwanza.

Harambee Star yenyewe haikufika huko. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, ikiwa safari namba KQ431, iliruka kutoka Abidjan kuelekea Lagos na kuanguka baharini muda mfupi baadaye. Walikuwemo watu 179. Walionusurika ni 10. Na asiseme mtu kwamba dawa ni upya wa chombo. Tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 iliyokuwa haijatimiza mwaka kazini ilianguka Douala, watu wote 114 wakafa, na uchunguzi ukaeleza kwamba marubani walipoteza mwelekeo gizani. Kwetu nako, feri MV Mtongwe I haikupinduka tarehe 29 Aprili 1994 kwa sababu ya uzee. Ilitakiwa kubeba watu 300, ikapakia takriban 400, ikazama ikiwa kama mita 40 tu kutoka gatini. Waliokufa ni 272. Wengi wao walikuwa wakielekea kazini kisiwani, na baadhi ya walioketi humu ukumbini waliwazika.

Umri, basi, si kila kitu. Ila umri ndio unaotuonyesha ni nani aliyekuwa na nguvu ya kudai mabadiliko.

Angani wenye nguvu hiyo ni wengi. Mwenye ndege ya kukodishwa huandika ndani ya mkataba jinsi inavyotakiwa kutunzwa na hali itakayorudishwa nayo. Kampuni ya bima hutaka kitabu cha kila injini. Nchi za nje zina mamlaka zake: Marekani haikuruhusu ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka Kenya ilipopandishwa daraja la usalama Februari 2017, na safari ya kwanza ya New York ikaondoka tarehe 28 Oktoba 2018. Juu ya hao wote yupo abiria, ambaye asipopendezwa atapanda Ethiopian au Emirates, na pesa yake aondoke nayo.

Nguvu hiyo ina ubaya wake pia, na hapa siwapambi wa Embakasi. Shirika lilipoamua kukua haraka, lilinunua na kukodi kana kwamba kesho haina mashaka. Boeing 777-300ER zilianza kuja mwaka 2013, Dreamliner ya kwanza Aprili 2014. Kipindi hichohicho likaja shambulizi la kigaidi la Westgate, watalii wakapungua, na Ebola ikafunga njia za Afrika Magharibi. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7. Boeing 777 za zamani zikauzwa. Zile mpya tatu zikaenda kufanya kazi Turkish Airlines, na Dreamliner mbili zikapelekwa Oman Air. Wapo watu wa Mombasa waliopanda ndege ya Muscat kwenda kuwatembelea jamaa zao kumbe ndege ni ya kwao! Deni lilipogeuzwa kuwa hisa mwaka 2017, serikali ikabaki na asilimia 48.9, mabenki ya humu nchini yakajikuta yana ndege, na KLM ikashuka hadi chini ya asilimia 8.

Leo uti wa mgongo wa shirika ni Dreamliner tisa, Boeing 737-800 na Embraer 190. Mwaka 2024 lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4. Mwaka 2025 Dreamliner tatu zikakaa chini kwa kukosa injini na vipuri, faida ile ikageuka hasara. Theluthi ya ndege zako kubwa zikilala, hesabu zote zinalala. Hapa Mombasa safari nyingi za Nairobi zimeshikwa na Jambojet, kampuni tanzu iliyoanza kuruka tarehe 1 Aprili 2014 na ambayo sasa hutumia ndege za mapanga za Dash 8. Baada ya jeti zote hizo, Mmombasa amerudishiwa panga na bawa la juu ya dirisha, kama enzi za Friendship. Mimi silalamiki, Tsavo naiona tena.

Sasa majini. Huduma ya feri iliendeshwa na kampuni ya mabasi, Kenya Bus Services, tangu mwaka 1937. Mwaka 1989 likaundwa shirika la feri, na mwaka uliofuata zikaja zile tatu nilizozitaja. Baada ya hapo tukangoja miaka 20. MV Kwale na MV Likoni zilifika kutoka Ujerumani mwaka 2010. MV Jambo ilikuja kutoka Uturuki mwaka 2017, na MV Safari mwaka 2020. Vizazi vitatu ndani ya mkondo mmoja wenye upana wa kama nusu kilomita, vyenye mitambo tofauti na vipuri tofauti: ile hesabu ya mwaka 1980, aina nyingi ndani ya vyombo vichache, tumejirithisha sisi.

Kazi inayofanywa na vyombo hivi haina mfano. Hesabu iliyozoeleka ya shirika la feri ni watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Kenya Airways ilibeba abiria wapatao milioni tano mwaka 2023. Likoni inafikisha idadi hiyo kwa siku kumi na saba. Simameni hapo nje saa moja asubuhi, feri inapotoka Likoni. Mlango wa chuma unakwaruza zege, mnyororo unaachiliwa, na kabla magari hayajawasha injini watu wamekwisha kupanda mteremko: mama na beseni la samaki, wanafunzi, mkokoteni wa madafu unaosukumwa na wawili na kuzuiwa na mmoja. Ule mlango hupigwa zege mara nyingi kwa siku, kila siku, ndani ya maji ya chumvi. Hakuna gurudumu la ndege linaloteswa hivyo.

Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka MV Harambee, likatumbukia mkondoni na mama na mwanawe. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Feri ilikuwa na miaka 29. Nchi nzima ilijua umri wake wiki ile.

Mwenda kwa miguu havuki kwa nauli, na ni haki yake. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani napendekeza tiketi. Lakini abiria asiyelipa hana risiti ya kulalamikia, na hana feri ya kampuni nyingine ya kuhamia. Daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa mwaka 2021 na sasa halipo. Barabara ya Dongo Kundu inamfaa mwenye gari, si mwenye mkokoteni. Wakaguzi wa vyombo vya majini tunao, na chelezo tunazo hapahapa Mombasa. Tusichonacho ni mtu wa nje ya ofisi mwenye uwezo wa kukataa, kama alivyo mwenye ndege ya kukodi.

Pendekezo langu ni dogo. Kila feri ibandikwe ubao mahali pa kungojea, kisiwani na Likoni: mwaka wa kujengwa na nchi, idadi ya watu na magari inayoruhusiwa, tarehe ya mwisho kupandishwa chelezo, na tarehe inayofuata. Taarifa hizi si siri; zimo ndani ya makabati. Zibandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi za kusomeka na mtu mwenye haraka.

Na mjadala wetu ningependa uanze na MV Kwale na MV Likoni. Mwaka 2035 zitatimiza miaka 25, umri waliokuwa nao Nyayo, Kilindini na Harambee mwaka 2015, tulipoendelea kuzitumia. Jambo na Safari zilitoka katika mkataba mmoja, zikafika kwa kupishana miaka mitatu. Kwa mwendo huo, uamuzi wa kuziagizia warithi Kwale na Likoni unatakiwa uwe mezani kabla ya 2030, na leo wenzetu wa Mamlaka ya Bandari, ambao sasa ndio wenye feri, wamo humu ndani. Watuambie umefika wapi.